Fundo la Kufungia Fahali

Asiyepoteza kitu huona ni rahisi kumwambia mwenzake kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii hutufundisha kwamba mtu akizingirwa na hasara mbili, aikubali ile ndogo kabla ile kubwa haijamfikia. Maneno hayo ni mepesi mdomoni. Namalwa aliyajua tangu shule ya msingi, tena aliwahi kuyaandikia insha akasifiwa mbele ya darasa, lakini maana yake hakuionja mpaka Novemba ya mwaka wa 1997, mvua ya El Niño ilipougeuza mtaa wao kuwa kisiwa.

Namalwa alikuwa fundi wa nguo. Aliishi na mumewe Obura na binti yao Amolo, mwenye miaka mitano, katika nyumba za kupanga nyuma ya mji mdogo wa Noonkopir, kando ya machimbo ya mawe. Mwaka huo Obura alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na malipo yote aliyopewa yakanunua cherehani ya kukanyaga, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma. Tangu hapo unga, kodi na karo vilitoka kwenye cherehani hiyo. Obura alipoondoka kwenda Siaya kumzika baba yake mdogo, hakuaga kwa maneno mengi.

"Mama Amolo," alisema, "hiyo mashini ndiyo kazi yangu na yako. Usiiache."

Siku ya tatu baada ya safari yake, mto wa jirani ulivunja kingo zake ukamwagikia machimboni. Lile shimo la mawe likajaa pomoni, likawa ziwa jekundu lenye mkondo, na barabara ya kwenda mjini ikakatika. Asubuhi maji yalikuwa mlangoni. Adhuhuri yalikuwa yamefika magotini. Namalwa alikuwa amempandisha Amolo juu ya meza ya cherehani, na kila alipomtazama mtoto alijikuta anaitazama na cherehani.

Aliyekuwa akiwavusha watu ni Maweu, mchonga mawe kutoka Machakos. Alikuwa amepigilia mbao juu ya mapipa matatu, akanyoosha kamba kutoka nguzo ya upande huu hadi mti wa ng'ambo, naye alikivuta chelezo chake kwa kuishika kamba hiyo mkono baada ya mkono. Sharti lake lilikuwa moja tu: mzigo haufungwi. Kitu kikitaka kwenda na maji, kiachwe kiende. Mzee Ngui, mzee wa kanisa aliyekuwa akivuka na godoro lake, alimuuliza kama amehongwa na samaki. Watu wakacheka, Namalwa asicheke.

Walipokuwa wakipakia, Maweu akiwa ameshughulika na kamba yake, Namalwa alitandaza leso juu ya mguu wa cherehani. Chini ya leso hiyo aliufunga mguu kwenye ubao wa chelezo kwa kamba ya katani. Fundo alilotumia alifundishwa na baba yake kule Bungoma, fundo la kumfungia fahali wa kulima: kadiri anavyovuta, ndivyo linavyokaza. Akajiona mjanja. Atavuka na mtoto, atavuka na cherehani, na Obura hatakuwa na la kusema.

Katikati ya maji mkondo ulikipiga chelezo ubavuni kikayumba. Godoro la mzee Ngui lilikuwa la kwanza kwenda. Mzee alilitazama likielea mbali, akaguna, akasema Mungu alimpa mgongo kabla ya godoro. Chelezo kikayumba tena, na safari hii cherehani ikateleza ikatumbukia. Kamba ya katani ikakaza. Kwa pumzi moja Namalwa alifurahi, kwa sababu fundo lilikuwa limeshika.

Furaha hiyo haikudumu. Miguu ya chuma ilinasa kwenye mwamba wa machimbo chini ya maji, na chelezo kikasimama ghafla. Maji yakaendelea kukisukuma. Kwa kuwa hakikuweza kwenda, kikaanza kuinama, pipa la upande mmoja likazama. Amolo aliteleza mpaka kiunoni ndani ya maji. Mzee Ngui alimdaka mkono mmoja, huku mkono wake mwingine ukishikilia ubao.

"Nani amefunga?" Maweu aliuliza. Hakungoja jibu. "Fungua haraka."

Namalwa alilishambulia fundo kwa vidole. Katani ilikuwa imelowa na kuvimba, na fahali aliyekuwa akivuta safari hii ni mto mzima. Kucha zikamvunjika. Maji yakampanda Amolo kifuani. Maweu hangeweza kusaidia, maana angeiacha kamba yake wote wangechukuliwa.

"Uko na kitu ya kukata?"

"Niko na makasi."

"Basi kata."

"Maweu, hii ndiyo kazi yetu yote."

Maweu hakumbishia. "Muangalie mtoto," alisema.

Namalwa aligeuka. Maji yalikuwa shingoni mwa Amolo. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akimtazama mama yake kwa subira, kama anavyomtazama siku zote akingoja amalize kupima kitambaa. Uchungu ulimpasua Namalwa. Alichomoa mkasi kifuani akakata. Mkasi wa nguo haukuumbwa kwa katani, kwa hiyo uzi ulikatika mmoja mmoja, na kila uzi alihisi kama anamkata Obura. Wa mwisho ulipokatika, chelezo kiliinuka kwa kishindo, na mzee Ngui akamvuta Amolo juu ya mbao.

Obura alirudi baada ya siku nne. Aliwakuta katika ukumbi wa kanisa walikohifadhiwa, akatazama kila kona, kisha akauliza mashini iko wapi. Namalwa alimweleza yote bila kujitetea, hata habari ya kuvunja sharti la Maweu. Obura aligeuka. Alitoka nje, na Namalwa akabaki akiamini kwamba ndoa yake imefuata cherehani.

Kumbe Obura alikwenda kwenye kivuko. Maweu alimwonyesha ubao, fundo likiwa bado limeng'ang'ania hapo, gumu kama jiwe, na kipande kifupi cha kamba kilichokatwa. Akamwonyesha na pale Amolo alipokuwa amezama hadi shingoni. Obura alijaribu kulifungua fundo lile kwa vidole vyake, akajaribu tena, likamshinda.

Aliporudi ukumbini alikuwa amebeba jiwe la machimbo. Aliuomba mkasi, akayatazama mapengo kwenye makali yake, akaketi chini na kuanza kuunoa, huku Amolo amemlalia pajani. Makali yalipoanza kurudi alisema, "Kesho tutaanza na vifungo na pindo, kwa mkono."

Namalwa alilia kwa mara ya kwanza tangu maji yaingie. Cherehani ilibaki chini ya maji, mtoto akabaki pajani mwa baba yake, na heri nusu shari kuliko shari kamili.