Kinachotoka Bombani

Paukwa.
Pakawa.
Kuna mwenye kinywa.
Ana nini?
Ana bonde zima, na bado hajashiba.
Tupe, tumsikie.

Hapo kale, ila si kale sana, maana jenereta zilikwishakuwepo, Kiboko alijitwalia Bonde la Mwambaufa. Bwawa lake. Njia zake. Jenereta yake kuukuu, tu-tu-tu-tu, kutwa kucha. Jenereta ikalia, moshi ukatoka, wanyama wakakohoa, Kiboko akanywa kitu cha baridi. Dizeli ikavujia bwawani, na wanyama wakaambiwa wanywe hivyo hivyo, tena washukuru.

Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiyefika hata goti la mbuzi, alikuwa na watoto wanne. Kitinda mimba alikohoa mpaka akatapika. Mama mtu akasema basi, sasa imetosha.

Nyumbani kwake, ndani ya ufa wa mwamba, ilipenya hewa nyepesi isiyo na harufu, hiyo iitwayo haidrojeni. Akaunda sanduku. Upande huu linavuta haidrojeni, upande ule linavuta upepo, katikati pana utando mwembamba uliopakwa madini ya platini. Viwili vikikutana hapo, umeme unazaliwa. Hakuna moto. Hakuna moshi. Sanduku la kwanza likafa siku ya pili. La pili likataka platini ya kujaza bakuli, na nani anayo? Akasaga, akapaka, akakwangua, akapaka tena. La saba likatosheka na chembe za kukaa kwenye ncha ya ukucha, likazungusha feni bila kuchoka. Hakufundishwa na mtu. Na kwenye bomba la sanduku yakadondoka maji safi: to, to, to.

Watoto wakanywa. Kikohozi cha yule mdogo kikaanza kulegea.

Kiboko akapata habari, akaja. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza feni inazungukaje kwa mtu asiye na kibali, akasema kila kinachoundwa bondeni ni mali yake.

Bi Pimbi alipandwa na hasira mpaka masharubu yakasimama. Alitamani kumng'ata, lakini ngozi ile utaanzia wapi? Akaimeza hasira yake nzimanzima, ikamkwaruza koo.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Tugawane mbele ya Kobe, karani wa bonde. Mmoja achukue umeme, mwingine achukue kinachotoka bombani. Wewe ndiye mkubwa, chagua."

Kiboko akacheka mpaka matope yakambanduka. Mashine aliyoijua yeye ni moja tu, na bombani mwake hutoka moshi. Kuinama atazame? Mkubwa haangalii.

"Umeme wangu. Bomba lako, uvute wewe na wanao."

"Kobe, andika," akasema Bi Pimbi.

Kobe akaandika. Kiboko akavuta waya hadi kwake, akawasha feni, jokofu, redio, na taa saba mchana kweupe. Jenereta nayo hakuizima, eti aliipenda sauti yake. Kadiri alivyowasha, ndivyo bomba lilivyodondosha: to-to-to-to. Bi Pimbi akatega pipa. Likajaa, akatega jingine. Swala wakanywa, ngiri wakanywa, kanga wakanywa na vifaranga vyao. Kiboko yuko na redio.

Ukame ukaingia. Bwawa likabaki tope na dizeli, ngozi ya Kiboko ikapasuka kama chungu kibovu. Akapanda mwambani, akasikia to, to, to, akanguruma kwamba ameibiwa. Kobe akamsomea mkataba polepole, akarudia mara ya pili bila kuombwa.

"Basi tubadilishane," akasema Kiboko. "Bomba langu, umeme wako. Siku zote."

"Na wanangu watakunywa nini, mzee?"

"Wanywe umeme."

Kama Bi Pimbi alikuwa na chembe ya huruma, ilikauka palepale. Kobe akaandika. Kiboko akajilaza chini ya bomba, akaachama kinywa kama mlango wa ghala.

Bi Pimbi akazima swichi.

Kimya. Sanduku lile lina tabia yake: umeme usipotumika, nalo halidondoshi hata tone.

"Washa," akasema Kiboko.

"Umeme ni wangu, nami leo sina haja nao. Nina mapipa kumi na mawili kule nyuma, yamejazwa na redio yako."

Kiboko akasukuma pua ufani aifikie swichi. Ikakwama. Akachomoa, akaachama tena. Siku ya kwanza kaachama. Siku ya pili kaachama. Siku ya tatu akauliza, kwa sauti ndogo, anatakiwa afanye nini.

"Chana mkataba. Buruta jenereta yako, utoke nayo bondeni. Ukiifikisha mpakani, rudi nikuwashie unywe kinywa kimoja."

Akaiburuta. Bi Pimbi naye akatimiza neno lake, kinywa kimoja, tena kimejaa. Kiboko akashika njia ya mtoni. Jioni ile kitinda mimba alilala bila kukohoa.

Mpaka leo, ukimwona kiboko kaachama mtoni, usidhani anapiga miayo. Anangojea bomba.

Hadithi yangu imefika pipani. Aliyekunywa ajifute mdomo, aliyeachama afunge.

Na funzo lake, kama Kiboko mwenyewe alivyolibandika huko aliko, ni hili: watoto, heshimuni wakubwa, msichezee mashine, wala msichungulie bomba la mtu. Moshi haujamdhuru yeyote mwenye adabu.