Vishikio Vitatu vya Bunduki ya Kambi

Soma hii taratibu, na ukimaliza usikae nayo peke yako.

Palikuwa na kambi ndogo ya askari wa wanyamapori. Askari walikuwa tisa, bunduki moja. Waliibeba kwa zamu. Anayetangulia doria ndiye anayeichukua, na akirudi anaifuta vumbi, anaipaka mafuta, anaikabidhi.

Mwezi mmoja nyati dume alinaswa na waya wa majangili. Akaukata, akaondoka na kidonda mguuni, akajichagulia kichaka karibu na mto, pale pale wanapochota maji akina mama wa kijiji. Askari mmoja aitwaye Malibiche alikwenda kumfukuza. Nyati akamjia. Bunduki haikulia. Malibiche alirudishwa kambini kwa machela, paja limepasuka.

Kamanda Ligoha alimwinamia mbele ya askari wote. "Imekuwaje?"

Malibiche alisema maneno mawili tu. "Kishikio kiliteleza."

Kishikio ni kile chuma kidogo cha pembeni ambacho askari hukivuta nyuma kwa nguvu na kukiachia, ili risasi iingie mahali pake. Usipokivuta, ulichobeba ni fimbo tu.

Malibiche akapelekwa hospitali ya wilaya, na Kamanda akaagiza vishikio vipya mjini. Vikaja vitatu. Kila kimoja kilikuwa cha fundi wake, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye kiwanda kilichounda bunduki yenyewe. Kamanda akamwita askari mwanamke aitwaye Somoe.

"Jumapili zamu ni yako," alimwambia. "Nyati bado yuko pale, na watu hawana maji. Chagua kishikio kimoja, hivyo viwili nitavirudisha. Nataka jibu Jumamosi."

"Nichague kwa kuangalia nini, Afande?"

"Wewe ndiye utakayesimama mbele ya nyati. Utajua mwenyewe cha kuangalia."

Somoe hakujua. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu nyumbani, na kila alipoviangalia vile vyuma vitatu alimwona mtoto wake.

Katika kambi ile ilikuwa marufuku kuvuta kishikio bila sababu. Zamani risasi iliwahi kutoka kwa bahati mbaya ikatoboa sufuria ya wali, na tangu siku hiyo bunduki ilitoka begani na kurudi begani. Wiki hiyo Somoe alipewa ruhusa ya peke yake, bunduki ikiwa haina risasi hata moja.

Akaanza Jumatatu. Kishikio cha kwanza kilikuwa kipana, kinajaa kiganjani. Alikipenda. Lakini alipopita nacho kwenye kichaka cha miba kilinasa mara tatu. Cha pili kilikuwa kifupi na laini, hakinasi popote. Alikipenda hicho. Kisha akajaribu mkono ukiwa na jasho, kikamponyoka kama kambale. Cha tatu kilichongwa meno meno. Hakinasi, hakiponyoki, ila baada ya kukivuta mara ishirini vidole vilikuwa vinavuja damu.

Jumanne akarudia. Kipana kikashinda. Jumatano akarudia tena, kikashinda kile cha meno. Alhamisi hakujua tena ni kipi alikipenda wala kwa nini.

"Chukua kipana," alisema mwenzake Kazumari. "Hata bibi yangu na baridi yabisi yake angekivuta."

"Bibi yako haendi doria," alidakia askari mwingine, Nangomwa. "Huyu atanaswa kwenye miba kama mbuzi. Somoe, chukua kifupi."

"Wewe ulishakivuta?" Somoe alimuuliza.

"Nikivute cha nini? Kitu kizuri kinaonekana kwa macho."

"Haya basi, Jumapili nenda wewe na macho yako."

Kazumari alicheka hadi akakaa chini. Nangomwa akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

Somoe akachukua kishikio cha zamani, kile kilichomponza Malibiche. Akakigeuza huku na huku. Hakikupinda. Hakikuwa na ufa. Kilikuwa na mikwaruzo ya kutosha kushikika hata kwa mkono wenye jasho. Akakifunga, akakivuta. Akakivuta tena akiwa amepaka mafuta kiganjani. Hakikuteleza.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kama hiki hakitelezi, siku ile kiliteleza vipi? Na kama yeye hajui kibaya kina ubaya gani, atakijuaje kizuri?

Ijumaa asubuhi akafunga vishikio vyote vinne kwenye kanga, akapanda bodaboda kwenda hospitali.

Alimkuta Malibiche amelala chali. Akampa pole, akavipanga vyuma juu ya shuka.

"Kaka Malibiche, nisaidie. Kipi ni kizuri?"

Malibiche akagusa cha kwanza. "Hiki kizuri."

"Na hiki?"

"Nacho kizuri."

"Na hiki?"

"Nacho."

"Kaka, vyote haviwezi kuwa vizuri. Keshokutwa naingia kwenye kile kichaka mimi. Nionyeshe siku ile ulishika wapi, kikateleza wapi."

Malibiche akageuzia uso ukutani.

"Sikukigusa," Malibiche alisema.

"Hukugusa nini?"

"Kishikio. Sikukigusa kabisa. Nyati alipotoka, mkono wangu uliondoka ukaenda, lakini haukujua unakwenda wapi. Ukashika mkanda. Ukashika hewa. Dada, bunduki ile nimeibeba miaka minne. Unajua nimevuta kishikio mara ngapi? Mara mbili. Siku ya kiapo, na siku moja nilipojificha nyuma ya choo nikijaribu."

"Mbona ulisema kiliteleza?"

"Afande aliniuliza watu wote wakiwa wamenizunguka. Ningesema nini? Chuma hakina aibu, nikakisingizia." Akajifuta macho kwa shuka. "Nenda kawaambie. Kila anayekuja hapa ananipa pole kwa ajili ya kile chuma. Nimechoka."

Somoe alirudi kambini akamweleza Kamanda yote. Kamanda alikunja uso.

"Kwa hiyo Malibiche alinidanganya."

"Alikujibu kama alivyoweza, Afande, mbele ya watu wanane."

Kamanda akauliza, "Na wewe umechagua kipi?"

"Sijachagua. Nilipoanza Jumatatu nilikuwa navitafuta vyote kwa macho, hata hicho kipana. Leo sitafuti, mkono unakwenda wenyewe." Akafungua kiganja chake. Kilikuwa kimeota malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yameshakuwa sugu. "Nipe chochote."

Kamanda alikitazama kiganja kile.

"Ile amri ya kutovuta," alisema, "niliiweka mimi."

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, askari wote walipangwa mstari. Bunduki ilikaguliwa mara mbili kuhakikisha haina risasi. Kila mmoja alitakiwa kuishusha begani na kuvuta kishikio huku akitazama mbele. Wa kwanza alikuwa Kamanda mwenyewe. Mkono wake ulikwenda, ukashika hewa. Hakuna aliyecheka. Hata Nangomwa hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafuata. Walirudia mpaka jua likawa kali, na chai ikapoa.

Jumapili Somoe alitangulia. Nyati alitoka kichakani akiwa ameinamisha kichwa, karibu kuliko walivyotarajia. Wenzake walisema baadaye kwamba hawakuuona mkono wake ukienda. Walisikia chuma, kisha mlio, kisha kimya. Jioni akina mama walikuwa mtoni na ndoo zao.

Njiani kurudi, Kazumari alimuuliza, "Hatimaye kilifungwa kishikio kipi?"

Somoe akafungua mdomo kumjibu, akakuta hajui. Ilibidi aishushe bunduki begani aangalie.

Funzo: Jambo likiharibika, kabla hujatafuta chombo kipya, muulize aliyekuwepo, tena muulize faraghani, na kile utakachokihitaji siku ya hatari, kizoee siku ambazo hakuna hatari.