Boya la Nyangeta

Kwenye mwalo mmoja wa ziwani, wavuvi wanakoegesha vyombo, wavu usio na boya ukinasa boti, alilipa mwenye wavu. Boya likiwapo, alilipa mwenye boti. Basi tajiri Kasimbazi akamshtaki mvuvi Nyangeta kwa mwenyekiti Bwire, ambaye siku hiyo alifika kwa miguu, uso kaukunja.

"Wavu wa huyu mama umevunja pangaboi la boti yangu," alisema Kasimbazi, akiuonyesha wavu uliolala mchangani na samaki wake. "Haukuwa na boya. Anilipe, au anipe mtumbwi wake."

Nyangeta hakubisha. "Kama haukuwa na boya, si wangu. Nyavu zangu zote zina maboya. Nawasikitikia tu hao sangara wanono waliomo. Sijui atawachukua nani."

Kasimbazi aliwatazama sangara. "Kama hauna mwenyewe, wavu ni wangu. Na samaki wake."

"Mwenyekiti, umesikia?" aliuliza Nyangeta.

"Nimesikia."

"Basi mdai huyo. Nusu ya wavu huo iliyokatika ndiyo iliyoinasa boti yako asubuhi, ukaja kwa miguu."

Bwire akamgeukia Kasimbazi taratibu.

"Mzee, boya lilikuwapo," alisema Kasimbazi. "Dumu la kijani, la huyu mama. Nililikata mimi."