Chungu Safi cha Ngiri

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko yao, Ngiri alihamia kwenye shimo lililokuwa chini ya mkuyu. Kwenye kona ya shimo palikuwa na dimbwi la mchuzi wa majani yaliyoanguka, mweusi tii. Humo aliishi Bi Kiduchu na ukoo wake, wadudu wadogo hata jicho haliwaoni.

"Nyie vijidudu, hameni leo," akasema Ngiri. "Mnaninywea mchuzi wangu, tena mnauchafua."

Bi Kiduchu aliingiwa na hofu. Nje kwenye jua, ukoo wake wote ungekauka kabla ya adhuhuri. Akajikaza.

"Bwana Ngiri, mchuzi huu tunaupika sisi."

"Wewe? Hata kijiko kinakushinda."

"Basi tushindane. Vyungu viwili, majani sawa, maji sawa. Siku ya saba aonje Mzee Fuko. Asiye na mchuzi ahame."

"Hata sasa hivi."

"Ila chako ukichemshe na majani yake, maji ya kwanza uyamwage, kisha ufunike. Nisije nikasikia tumekuchafulia."

Ngiri akacheka mpaka masikio yakatikisika. Akachemsha majani yakapauka, akamwaga maji, pwaa, akatia mapya, akafunika.

Katika chungu cha pili, kisichochemshwa, wapwa wa Bi Kiduchu wapenda sukari walinywa utamu wa majani, wakazaana wakajaa pomoni. Siku ya tatu utamu ukaisha. Wengi wakafa, miili yao ikayeyukia majini.

"Shangazi, kumebaki uchungu mtupu," wakalalamika waliosalia.

"Basi zoeeni uchungu. Mchuzi ukigeuka, nasi tunageuka. Kuleni, hatuhami hapa."

Wakala. Wakazaliwa walaji wapya, wakatafuna majani magumu, kacha kacha, na kila walichotema kikawa mchuzi.

Siku ya saba akaja Fuko, asiyeona, ila pua anayo. Akaonja cha Ngiri.

"Haya ni maji. Umeyateka leo?"

"Yana siku saba, Mzee."

Fuko akahamia cha pili. Akaonja, akaonja tena, akalamba vidole.

"Polepole, Mzee," akasema Bi Kiduchu, "unammeza mjomba."

"Huu ndio mchuzi," akasema Fuko.

Ngiri akafoka. "Umenidanganya. Ni wewe uliyeniambia nichemshe."

"Nilikwambia uchemshe ili tusiwemo. Hatukuwamo. Nimekudanganya wapi?"

Ngiri akabeba chungu chake safi, akahama mbio, mkia juu.

Basi watoto, kabla hamjamfukuza mtu jikoni, ulizeni kwanza ni nani anayepika.