Gari la Osmundi Mligo na Viganja Vitatu

Tulieni, na anayekohoa akohoe sasa. Kisa hiki kiliwahi kutawanya kikao cha harusi pilau ikiwa bado jikoni, na hajatokea wa kukitegua, hata wale wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani. Anayekisimulia anakijua kuliko waliokishuhudia, na leo hachukui ada.

Njombe, upande wa Kifanya, walikuwapo watu watatu waliojaliwa.

Leokadia alijaliwa mkono. Ng'ombe akikatiwa tamaa na bwana mifugo, Leokadia akampapasa mgongo, wiki haiishi mnakamua. Aliwahi kuchomeka fimbo ya kufukuzia mbuzi kando ya zizi akaisahau, nayo ikaota majani.

Ezeroni alijaliwa mdomo, na miguu ya kuupeleka mdomo wenyewe mahali unapohitajika. Angeweza kumwomba mlinzi ufunguo wa geti, akapewa, akaongezewa na chai.

Anyelwisye, mtu wa Tukuyu aliyefungua gereji ya malori ya mbao, alijaliwa masikio. Lori likiwa bado linapanda mlima huko ng'ambo, yeye amekaa anakula makande, anakuambia beringi ya nyuma imekufa. Likifika, imekufa kweli. Akimaliza kuitoa atakuzungushia gereji nzima akueleze alivyosikia, na utasikiliza mpaka mwisho, maana ameshika gurudumu lako.

Katikati yao alikuwa Osmundi Mligo, mume wa Leokadia, kaka yake Ezeroni na mteja wa Anyelwisye. Yeye hakujaliwa kipaji chochote isipokuwa kulipa.

Osmundi alikuwa ameotesha miti tangu ujana wake. Ilipofikia kuvunwa, akaivuna, na kwa mara ya kwanza akawa na hela inayozidi matumizi. Ndipo Ezeroni alipomjia na picha kwenye simu. Gari jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, vioo vinavyojikunja vyenyewe kama masikio ya sungura. Lilikuwa limetumika ng'ambo, likachokwa na tajiri wake. Bei ilikuwa ya pikapu ya kawaida.

"Kaka, hii ni bei ya kutupa," Ezeroni alimwambia. "Watu wananunua vipikapu kwa hela hii hii."

Osmundi akanunua. Hakumuuliza yeyote kwa nini tajiri analitupa.

Ushuru ulipokuja, alipiga kelele mpaka majirani wakasogea uani. Matairi yalipokuja, maana lile gari halivai tairi za kila mtu, alikosa usingizi. Bima, akanuna. Kisha zikaja springi. Gari hilo halikukalia vyuma kama magari mengine, lilikalia mifuko ya upepo, na baridi ya Njombe ikaitoboa mifuko. Asubuhi ungelikuta limelala chini uani kama ng'ombe anayecheua, linasubiri kunyanyuliwa. Anyelwisye, ambaye hakuwahi kulifungua gari la namna ile ila hakuna aliyemsikia akikiri, akasema gari ni gari, akalitia oili ya lori. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano. Akasema taa hiyo ni urembo. Baadaye ikawaka nyekundu.

Hapo Osmundi akaacha kuhisi. Mmeshang'olewa jino? Daktari anakuchoma ganzi, unaliona koleo likiingia, unausikia mfupa ukilia ndani ya kichwa chako mwenyewe, na maumivu hayaji. Ndivyo alivyokuwa. Aliuza mbao zilizobaki, akauza kiwanja cha mjini, akaenda akarudi, na uso wake ulikuwa ule ule wa mtu anayengoja mvua iishe. Leokadia akimuuliza gari limekula nini safari hii, anamjibu, na anaendelea kula ugali wake. Hata wivu wa watu waliomwita tajiri haukumfurahisha. Alikuwa tajiri asiyeweza kununua sukari.

Ikafika harusi ya binti yao, Editruda. Kamati ikaundwa, na katika kikao Osmundi alisimama akasema bibi harusi atapelekwa kanisani kwa gari la baba yake. Akapigiwa makofi. Wakwe walikuwa watu wa Iringa, watu wa kuangalia vitu mpaka uvunguni, na Leokadia hakutaka aibu. Siku moja kabla ya harusi akawaita vijana wa kuosha magari, akawaambia waoshe nje, waoshe ndani, kisha wafungue na boneti waoshe injini, kwa sabuni, kwa mpira wa maji wenye nguvu, mkwe akichungulia ajione uso. Kwetu ndivyo mgeni anavyoheshimiwa, hata lori la mkaa linaoshwa injini likienda kuchukua mahari.

Injini ikang'aa, na gari halikuwaka tena. Maji yalikuwa yameingia kwenye boksi la kompyuta, na hapo roho ya gari ikatoka.

Harusi ikasogezwa mbele wiki nzima. Mjue maana yake. Chakula kimeshanunuliwa, wakwe wameshafika, na minong'ono imeshaanza kwamba Mligo hana kitu, gari lile ni la kuazima. Mkwe mwanamume akatamka wazi kwamba wiki ikipita wataondoka na kijana wao. Osmundi akaitisha kamati. Mshereheshaji akampa kipaza sauti kwa mazoea tu, ingawa chumba kilikuwa kidogo.

"Atakayefanya gari hili lifike kanisani," Osmundi akasema, "nalimwachia liwe lake. Ufunguo na kadi."

Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa kijiji kingine. Katibu akaandika. Hakuna aliyedhani ni utani.

Leokadia alikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Sikujua, mwenye mimba, ambaye maziwa ya mama yake ndiyo yaliyowasomesha watoto. Alimfungua kambani mwenyewe, akamtembeza mpaka mnadani, akarudi na kamba. Kile alichopata kilitosha boksi moja la kompyuta, likiwa la mtumba, likipatikana. Jioni alikwenda zizini kwa mazoea, akiwa na ndoo.

Ezeroni alikuwa na viazi shambani, vimekomaa, na mvua ilikuwa inanyesha. Aliviacha. Akashuka Dar es Salaam na hela ya ng'ombe, akapita vichochoro vya spea vya mtaa wa Gerezani akiambiwa kila mlango kwamba boksi la gari hilo halipo, mpaka akampata mtu mwenye gari kama hilo, limegongwa, limefunikwa turubai. Mwenyewe hakuwa anauza. Ezeroni alikaa pale akaongea, akala chakula cha yule mtu, akawabembeleza wajukuu wa yule mtu, na akaondoka na boksi kwa hela ile ile pamoja na kanga ya zawadi ya bibi harusi. Aliporudi, viazi vyote vilikuwa vimeozea ardhini.

Anyelwisye alikuwa na malori matatu ya tajiri mmoja wa mbao, kazi ya mwaka mzima. Akayasukuma nje ya gereji, akaliingiza gari jeusi. Boksi lilikuwa la gari jingine, halikuitambua injini hii, likawa linawasha na kuzima. Akalitegea sikio usiku na mchana, akahamisha waya huu na ule, akiusemesha Kinyakyusa. Mifuko ya upepo akaitoa, akafunga springi za lori alizokata mwenyewe. Tajiri wa mbao akaja akachukua malori yake, na hakurudi tena. Anyelwisye hakumwomba Osmundi hata nauli.

Gari likawaka. Lilikuwa limeinuka juu kama mbuni, na likipita kwenye tuta bibi harusi anagonga kichwa, lakini lilifika mlangoni pa kanisa na moshi wake, na wakwe wakatabasamu. Mkwe alifungua boneti kweli. Editruda akaolewa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huanza kurushiana vijiti vya meno.

Siku ya kuvunja kamati, baada ya mahesabu na soda, akainuka mwenye hoteli mmoja wa Makambako. Alisema gari amelipenda, anatafuta la kubebea maharusi, na atalinunua siku hiyo hiyo, kwa bei ya kumrudishia mtu ng'ombe, au mavuno ya viazi, au kazi ya gereji. Moja kati ya hivyo. Kwa vyote haifiki. Wote wakamgeukia Osmundi.

Anyelwisye alianza, maana hajawahi kusubiri. Akasema boksi bila fundi ni sahani tu, na ng'ombe bila fundi ni nyama tu. Ezeroni akamkumbusha oili ya lori ilitiwa na nani. Anyelwisye akasema angalau yeye hakuleta picha kwenye simu.

"Shemeji naye aseme," Ezeroni akadakia, "injini iliogeshwa na nani?"

Leokadia hakubisha. Alisema ni yeye, na hajifichi. Kisha mzee mmoja wa kamati akauliza jambo jingine. Osmundi akimpa mkewe gari, hajajipa mwenyewe? Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto umepokea, na ahadi imebaki hewani. Leokadia akamtazama yule mzee.

"Ng'ombe alikuwa wangu, si wa Mligo," akasema. "Mama yake nilikuja naye kutoka kwa mama yangu, Lupembe. Huyu alipouzwa hakuna aliyesema ni wa wote wawili."

Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Baba Editruda, mimi sikudai. Ila ukimpa mwingine, kesho narudi Lupembe. Sitaweza kukaa na zizi tupu na mtu asiyesikia kitu."

Ezeroni akatazama viatu vyake, vilivyokuwa bado na tope la Gerezani au la shambani, nani ajue. Akasema yeye hana mke wa kumtishia mtu naye, ana njaa ya mwaka huu tu, na kaka yake ndiye aliyemlea. Anyelwisye akasema yeye hapa ni mgeni, hana ukoo wa kumtetea, na kama ahadi za Wabena wa hapa ni za ndugu kwa ndugu basi waziandike hivyo mlangoni.

Osmundi aliutoa ufunguo mfukoni. Alimwona mkewe, aliyeuza urithi wa kwao. Alimwona ndugu yake, aliyeyaacha mavuno. Alimwona fundi, aliyefukuza riziki yake mwenyewe. Alijua kwamba mtu mwenye moyo unaofanya kazi angesikia mahali fulani ndani yake panavuta upande mmoja. Akangoja pavute. Hapakuvuta. Alisikia friji ya soda ikinguruma, basi.

Mwenye hoteli akatazama saa. Leokadia alikuwa amekwisha kujifunga kanga ya safari kiunoni, na viganja vitatu vilikuwa mezani, vimefunguliwa.

Mimi nimemwacha hapo, na sitamsaidia. Ninyi mna mioyo, haijachomwa ganzi. Ungekuwa wewe ndiye Osmundi, ufunguo ungeuweka kwenye kiganja cha nani, na hao wawili waliobaki ungewatazama kwa macho gani?