Mbwa wa Kuazima

Mtu mmoja alikuwa na mbwa watatu na shamba la mahindi. Shamba lilikuwa huko chini tambarare, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani kwake mlimani, na lilipakana na pori lenye nyani. Kwa hiyo mbwa wale hawakuwa pambo. Mahindi yakianza kubeba walishinda shambani kutwa, na nyani walikaa mbali. Mtu huyo aliitwa Ndewirwa, na mkewe Aikande. Walikuwa na watoto wanne. Ndizi za nyumbani zilikuwa za kusaidia tu. Mahindi yale ndiyo yaliyowavusha mwaka.

Ng'ambo ya bonde, nusu siku kwa miguu, aliishi Kisamo, rafiki wa Ndewirwa tangu ujana. Kisamo alikuwa amedhulumiwa, na hilo nalisema wazi ili asionewe. Ndugu yake wa tumbo moja, Safieli, alisogeza mpaka wa mashamba yao hatua ishirini na kuifyeka migomba iliyokuwa upande wa mwenzake. Kisamo akatuma ujumbe: Safieli na wanawe wananitishia, nisaidie.

Ndewirwa alikuwa na huruma. Siku hiyohiyo alimfungua Bosi, mbwa wake mkubwa, akamkabidhi kwa watu waliokuwa wakielekea mnadani upande ule, pamoja na unga wa kumpikia. Jumapili yake alitajwa kanisani kuwa mtu asiyewasahau rafiki zake. Watu walimpa mkono, naye akarudi nyumbani amefurahi.

Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe mwingine. Bosi peke yake hatoshi, maana Safieli naye ameazima mbwa kwa wakwe zake. Ndewirwa akampeleka Jeki. Haukupita muda ukaja wa tatu: Bosi na Jeki wameumizwa, aongeze mwingine. Safari hii Aikande alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Baba Ndeshi, huyo ndiye wa mwisho. Na nyani je?"

"Nikimzuia huyu, wale wawili watakuwa wameumia bure," alisema Ndewirwa. "Unataka Kisamo aseme nilimwacha njiani?"

Aikande akampisha. Mbwa wa kwanza alikwenda kwa sababu ya rafiki. Wa pili alikwenda kwa sababu ya yule wa kwanza, na Mwali, yule jike mdogo, akaenda kwa sababu ya wote wawili.

Mahindi yakabeba. Kwa kuwa mbwa hawakuwepo, Aikande alijenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti la kukaa na kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe. Ndewirwa alikuwa na kibarua cha kupasua mbao huko juu, hakuweza kukiacha. Basi akaamia mama, na binti yake mkubwa, Ndeshi, akatolewa shule akiwa darasa la tano. Walipiga mifuniko ya sufuria na kupaza sauti tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa. Lakini nyani humtambua mwanamke na humtambua mtoto, na hawawaogopi sana. Walirudi nyuma hatua kumi, wakakaa, wakangoja.

Wanawake waliokuwa wakipita wakitoka kuteka maji walimtania. "Mama Ndeshi! Siku hizi mbwa wa kwenu ndiye wewe? Hebu bweka tusikie!"

Aikande akabweka. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, naye akacheka pamoja nao, kisha akaendelea kumega ugali uliopoa, sehemu kubwa akimwachia binti yake.

Wiki ya pili sauti ya Ndeshi ilikauka kwa kupiga kelele. Alipotaka kusema jambo, mama yake aliinama na kuweka sikio karibu na midomo yake. Mara nyingi halikuwa jambo kubwa. Mama, nina kiu. Mama, leo wenzangu wanafanya jaribio la hesabu. Aikande alimpaka mafuta ya taa kidogo kooni, kama alivyofanyiwa yeye utotoni, ingawa hakuamini kwamba yanasaidia. Alitaka tu kumshika.

Siku moja dume kubwa la nyani lilikuja mpaka chini ya dungu. Liliketi, likavunja hindi, likala huku likimtazama Ndeshi. Mtoto alifumbua mdomo na sauti haikutoka. Machozi yalitoka. Aikande alishuka na kulitupia dume mfuniko. Likaondoka taratibu, na hindi lake mkononi.

Kesho yake alfajiri Aikande alimwacha Ndeshi kwa bibi yake, akambeba mtoto mchanga na kulivuka bonde. Alikwenda kuomba mbwa mmoja. Mmoja tu, wa wiki tatu zilizobaki.

Kwa Kisamo alimkuta mke wa Kisamo, Foibe, akimwosha mtoto wake mguu kwa maji ya chumvi. Mtoto alikuwa ameng'atwa na Jeki. Mbwa aliyefundishwa kumrukia mtu hamalizi somo pale mwenye mbwa anapotaka. Foibe alisogea kwenye benchi kumpisha mgeni, akampokea mtoto mgongoni, akamletea uji. Wanawake wale walikuwa hawajaonana tangu siku za harusi zao, lakini walikaa kama watu waliolala nyumba moja.

Aikande aliuliza kama mpaka umerudishwa.

Foibe akatikisa kichwa. Hakuna aliyekanyaga mpakani tangu mbwa walipokuja, wa huku wala wa kule. Migomba ilikuwa imezidiwa na magugu pande zote mbili. Bosi alikuwa ameuawa kwa panga na watoto wa Safieli.

"Na juzi shemeji alikuja," Foibe alisema. "Peke yake. Ameshika jani la sale."

Aikande akaweka bakuli chini. Kwetu, anayekuja na jani la sale amekuja kuomba radhi, na hafukuzwi. Hata kosa liwe kubwa namna gani, anakaribishwa na kusikilizwa.

"Mume wangu alikuwa amekwenda bondeni. Mimi niko jikoni. Nilipotoka walikuwa wameshamwangusha pale langoni. Mbwa hawajui sale, dada."

Safieli alikuwa kitandani, mkono umechanika mpaka mfupa, na wanawe walikuwa wameapa kulipiza kisasi. Mtu yule angesamehewa siku ile, kabla uji haujapoa.

Aikande aliogopa kumgusa Jeki. Mwali alikuja mwenyewe, akanusa unyayo wa mtoto, akalala miguuni pao. Foibe alipasua kanga yake kuukuu apate kamba ya kumfunga Mwali, akawasindikiza mpaka mtoni. Wakati wa kuagana, Foibe alimfunga Aikande mtoto mgongoni na kumkazia mbeleko mara mbili.

Walivuna magunia mawili mahali walipozoea kumi na moja. Sauti ya Ndeshi ilirudi baada ya mwezi. Darasani walikuwa wameshamwacha nyuma, ikabidi arudie mwaka. Ndewirwa alipojua Bosi amekufa alilia kwa siri nyuma ya banda, na Aikande alimwacha alie, kisha akampelekea maji ya kunawa. Hakuwa mtu mbaya. Wiki ileile ulikuja ujumbe wa nne: Kisamo anasema wana wa Safieli wanakuja, je, hakuna mbwa mwingine?

Ninyi mnaonisikiliza mna mbwa wenu na rafiki zenu, na rafiki zenu huenda wamedhulumiwa kwelikweli. Basi nijibuni. Kama Ndewirwa alimpenda Kisamo kiasi cha kutoa kila kilichowalinda watoto wake, kwa nini ilimwia vigumu kwenda yeye mwenyewe, mikono mitupu, akaketi kati ya ndugu wawili?