Siku Mkono wa Fisi Ulipofungua Biashara

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifunga vilemba na kwenda gulioni, Bi Nguchiro alikuwa na kibanda cha vyungu karibu na lango. Kibanda kidogo, kivuli kizuri. Wauzaji wake walikuwa wawili: Kobe na Kanga.

Jirani yao alikuwa Mzee Nyati, naye aliuza vyungu, akisaidiwa na Kifaru. Nyati alikitaka kibanda cha Bi Nguchiro. Alikitaka akila, alikitaka akilala.

Sheria ya gulio ilikuwa hivi: anayeshindwa kuuza hata nusu ya bidhaa zake, magulio mawili mfululizo, anampisha jirani. Gulio lililopita Bi Nguchiro aliuza chungu kimoja tu. Akishindwa na leo, kibanda ni cha Nyati.

Tena wauzaji wote waliamini kwamba mnunuzi wa kwanza wa asubuhi ndiye anayeamua siku. Akiwa na mkono mwepesi, biashara inatiririka. Akiwa na mkono mzito, mtarudi na vyungu vyenu kichwani. Na gulio zima halikuwa na mkono mzito kama wa Fisi. Kile chungu kimoja, aliyekinunua alikuwa yeye.

Asubuhi hiyo, ngo! ngo! ngo! kwenye nguzo.

"Hodi! Nataka chungu," alisema Fisi. "Mzee Nyati ameniambia ninyi hamfukuzi mtu."

Chup! Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Mama weee!" Kanga akalia. "Yule yule! Tumekwisha!"

Ng'ambo ya uzio Nyati alikuwa akicheka puani. "Kifaru, tafuta ufagio. Jioni tunahamia."

Bi Nguchiro akamtazama Kanga, mabawa yameanguka. Akamtazama Kobe, hakuona kitu ila gamba. Akajiuliza nani atanunua chungu kwa gamba. Kisha akatabasamu.

"Karibu, Bwana Fisi! Kaa kwenye kigoda. Umeamkaje?"

Fisi akageuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa.

"Mimi?"

"Wewe. Chagua chungu, kigonge usikie."

Fisi akagonga. Ngliiing! Akalipa bila kubishana, akakaa kigodani, akacheka kwa furaha, kwani tangu azaliwe hakuwahi kuitwa Bwana. "Hihihihihiii!"

Bi Nguchiro akawainamia wauzaji wake, akanong'ona kwa sauti ya kumfikia Nyati.

"Mmeona? Mkono huu si mzito. Unachelewa tu. Ulifungua gulio lililopita, baraka zake zinafika leo."

"Kweli, Bi?" Kanga akauliza.

"Nimewahi kuwadanganya?"

"Ndiyo," Kobe akajibu kutoka ndani.

"Basi leo si siku hiyo. Simameni!"

Kanga akajikung'uta, prrr! Kobe akatoa kichwa, kwanza pua, kisha macho, kisha shingo yote.

Kicheko cha Fisi kikamleta Twiga. "Mnachekea nini hapa?"

"Vyungu, shangazi!" Kanga akadakia. "Hebu gonga hiki. Unasikia? Maharage yanaiva hapa huku wewe umelala!"

Twiga akanunua. Punda Milia akaja kuona Twiga amenunua nini, naye akanunua. Kobe akamweleza polepole namna ya kukizoesha chungu kipya moto, mpaka Punda Milia akaongeza cha pili.

Nyati akachungulia juu ya uzio. Hakucheka tena puani.

"Nguchiro! Nipe huyo Fisi, anifungulie na mimi."

"Ah, Mzee Nyati! Chukua kigoda, chukua mkeka, lakini Fisi niachie."

"Hata!" Nyati akamkamata Fisi mkono, akamburuta hadi kwake. Hapakuwa na salamu wala kiti. "Nunua!"

Fisi akanunua. Kifaru akaangusha ufagio.

"Toba! Mzee, umetuletea mkosi kwa mikono yako mwenyewe!" Akajifunika mkeka kichwani, akaketi kando ya vyungu, akiguna.

Swala akapita, akasimama. "Jamani, kuna msiba?"

"Uko njiani," Kifaru akajibu.

Swala akatoa pole, akaenda zake. Ngiri akaja, naye akatoa pole. Kila aliyefika alitoa pole. Hakuna aliyeuliza bei.

"Tabasamu!" Nyati akanguruma.

"Siwezi, mzee."

"Nimesema tabasamu!" Akampiga kikumbo.

Puu! Kifaru akaangukia vyungu. Kacha! Kacha! Kacha-kacha-kacha!

Sasa gulio zima lilikuwa na vyungu vizima mahali pamoja tu, na wateja waliokuwa wakitoa pole kwa Kifaru wakaenda kupiga foleni kwa Kanga. Jua lilipoinama, Bi Nguchiro alibakiwa na chungu kimoja, nacho kina ufa. Mzee Nyati alikuwa ameinama akiokota vigae, na kibanda kikabaki cha mwenyewe.

"Bi," Kobe akasema, "kumbe kweli mkono wa Fisi unachelewa."

"Mkono wa Fisi ni mkono tu."

"Eti?"

"Wateja hawakuuona. Walikuona wewe, safari hii ukiwa na kichwa."

Fisi, aliyekuwa amerudi kwenye kigoda chake, akautazama mkono wake mbele na nyuma.

"Kwa hiyo naweza kununua asubuhi popote?"

"Popote."

Akafikiri tena. "Na kuuza je?"

Gulio lililofuata, wauzaji wa Bi Nguchiro walikuwa watatu, na sauti ya kwanza kusema "Karibu, Bwana! Karibu, Bibi!" langoni ilikuwa ya Fisi.

Nami naishia hapo, wanangu, na funzo ni hili: anayeongoza wauzaji awape kwanza moyo, ndipo awape vyungu.